NANI AMESHIKA KIPAZA SAUTI?
Sinema, michezo ya video na umri wa watoto wetu katika Arua na Koboko

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hilo lilipotungwa, walezi wa mtoto walijulikana: mama na baba, bibi na babu, jirani na mwalimu. Siku hizi ameongezeka mlezi mwingine ambaye hakualikwa na mtu, naye ni kioo cha sinema na cha michezo ya video. Katika mitaa ya Arua, mji uliopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na katika Koboko, penye njia ziendazo Sudan Kusini na Kongo, mlezi huyo ana kibanda chake, mabenchi yake na kiingilio chake kidogo. Mtoto mwenye sarafu mbili tatu huketi humo mchana kutwa, na mzazi asijue alichokiona wala alichokisikia.

Basi yafaa tujiulize: ni kipi kimfaacho mtoto wa umri gani, na ni nani wa kukipima?

MATAIFA MENGINE YAFANYAVYO

Katika nchi za ng'ambo yako makongamano makubwa ya wapenzi wa michezo. Lile liitwalo Gen Con lilianza Marekani mwaka 1968. Na Gamescom hufanyika mjini Cologne, Ujerumani, tangu mwaka 2009. Jamaa nzima huenda huko, baba, mama na watoto. Kwa kuwa wageni ni wa rika mbalimbali, Wajerumani huwavisha ukanda wa mkononi wenye rangi ya umri wao, na michezo iliyotiwa alama ya miaka 18 huwekwa mahali palipozibwa, ili mtoto apitaye nje asiweze kuiona.

Alama hizo hazikuzuka bure. Mwaka 1993 maseneta wa Marekani walijadili michezo yenye umwagaji damu, na mwaka uliofuata ukaanzishwa utaratibu wa kuitia michezo alama za umri. Ulaya nayo ilianza utaratibu wake mwaka 2003, wenye ngazi za miaka 3, 7, 12, 16 na 18. Majirani zetu wa Kenya nao wana bodi inayozipanga filamu katika mafungu manne: ya watu wote, ya kutazamwa kwa mwongozo wa mzazi, ya miaka 16 na ya miaka 18.

Lakini katika makongamano hayo kuna jambo lililo gumu zaidi, nalo ni mabaraza ya mazungumzo. Watu wanne au watano huketi jukwaani wakaongea juu ya mchezo fulani na kujibu maswali ya wasikilizaji. Hapo alama hukwama. Mchezo ni kitu kilichokwisha kutengenezwa, nao waweza kukaguliwa mapema. Bali neno la mtu halikaguliki kabla halijatamkwa. Mchezo wa watoto wa miaka 7 waweza kuzungumziwa kwa matusi, na mchezo wa watu wazima waweza kuelezwa kwa adabu, kwa mfano jinsi muziki wake ulivyotungwa, hata mtoto wa miaka 10 akafaidika. Ndiyo maana waandaaji wenye busara hutia alama kwenye mazungumzo yenyewe, wakayaweka yale ya watu wazima katika saa za usiku, na kumwambia msemaji waziwazi kwamba mbele yake watakuwapo watoto.

KIBANDA CHETU NA MFASIRI WAKE

Msomaji asiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Kibanda cha video ni kongamano letu dogo. Hapa Uganda kuna wafasiri wa filamu waitwao VJ, ambao hushika kipaza sauti wakaieleza filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji. Desturi hiyo ilistawi Kampala kwa Kiganda, na majina kama VJ Jingo na VJ Junior yamejulikana nchi nzima. Nako mikoani wako wafasirio kwa lugha nyingine.

Kazi ya mfasiri ni ya ustadi, nasi hatuidharau. Asiyejua Kiingereza wala Kichina hufurahia hadithi kwa hisani yake. Hata hivyo, mfasiri hafasiri tu, bali huongeza chumvi. Filamu iliyo ya upole yaweza kutiwa mizaha ya chumbani ambayo mtunzi wake hakuiwaza, na mtoto wa darasa la tatu akarudi nayo nyumbani akiirudia mbele ya mgeni. Kwa hiyo mzazi anayemwuliza mtoto, “Leo mmeonyeshwa filamu gani?” ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni hii: “Nani alikuwa na kipaza sauti, naye alisema nini?”

JAMAA ZA ASKARI

Sheria zipo. Sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 1995 ililipa Baraza la Habari kazi ya kukagua filamu zionyeshwazo kwa umma. Sheria ya watoto humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Na sheria ya bahati nasibu na kamari ya mwaka 2016 iliweka umri wa kucheza kamari kuwa miaka 25, jambo la kukumbukwa pale ambapo mashine ya kamari imewekwa jirani na michezo ya watoto. Lakini mkaguzi hawezi kuketi katika kila kibanda. Jicho la kwanza ni la mzazi.

Hapo ndipo jamaa za askari na polisi zina mzigo wa pekee. Aghalabu baba yuko lindoni, au yuko mbali kabisa. Tangu mwaka 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakitumwa Somalia, na mama hubaki na watoto peke yake. Mtoto wa kambini anajua kwamba bunduki ni kazi ya baba yake. Katika mchezo wa video, apigwaye risasi huinuka akaanza upya, na auaye wengi hupewa alama nyingi. Asipoambiwa na mtu anayemwamini kwamba vita si hivyo, atayaamini ayaonayo. Wala hapana amwezaye kumweleza vizuri kuliko baba mwenyewe, arudipo likizo, kwa maneno machache ya kweli.

Tena tusisahau ni nani aketiye pamoja naye. West Nile imewapokea wengi waliokimbia vita. Vilipozuka upya Sudan Kusini mwaka 2016, kambi ya Bidibidi ilifunguliwa katika wilaya jirani ya Yumbe. Na Lobule, wilayani Koboko, wako wakimbizi kutoka Kongo. Kijiji kinachoungua kwenye kioo humchekesha mtoto mmoja, na humtonesha mwenzake kidonda. Kwa hiyo umri pekee hautoshi kuwa kipimo. Yafaa pia kukumbuka mtoto amepitia nini.

LA KUFANYA

Kwanza, mzazi aingie kibandani mwenyewe, aketi nusu saa na kusikiliza. Afanye hivyo kabla ya kukataza au kuruhusu.

Pili, wazazi waonane na mwenye kibanda pamoja na mwenyekiti wa kijiji, wakubaliane saa za watoto, labda Jumamosi alasiri, na mfasiri aarifiwe kwamba saa hizo ulimi una mipaka. Mwenye kibanda hatapata hasara, kwani mama aliye na imani naye atampeleka mtoto bila wasiwasi.

Tatu, katika kantini za kambi, televisheni igawanywe kwa saa. Askari aliyetoka zamu ana haki ya kutazama filamu ya watu wazima. Mtoto naye ana haki ya kutoikuta hapo. Saa zikijulikana, hapatakuwa na ugomvi.

Nne, mtoto arudipo aulizwe mambo matatu: nini kilikufurahisha, nini kilikutisha, na nini hukukielewa? Jibu la pili ndilo la kusikilizwa zaidi.

Tano, tusikataze pasipo kueleza, wala pasipo kutoa badala. Mtoto aliyefungiwa mlango wa mbele hutafuta dirisha. Mpira, hadithi za bibi, kitabu cha kuazima, hata sinema njema itazamwayo na jamaa nzima pamoja, ni badala ya kutosha.

Shime basi, wazazi wa Arua na Koboko! Wiki hii kila mmoja wetu atafute saa moja ya kwenda kuketi kwenye benchi lile anapoketi mwanawe, ajue ni nani amfundishaye.