Mashua ya zamani: wamama, tazameni chini ya rangi

Kikundi chetu cha likelemba kina watu saba, na wote tunauza samaki hapa Lubumbashi. Mwaka huu tuliamua kutafuta mashua ya mbao iliyokwisha kutumika. Sababu ni hesabu tu. Ukifika Kasenga unalipa nafasi kwenye mashua ya mwingine ili ushuke Luapula mpaka ziwa Mweru. Kule Kilwa unalipa pa kulala kila usiku ukisubiri samaki wapatikane, kisha unalipa tena kurudi. Mashua yetu wenyewe, yenye kibanda cha kulala watu wanne, ingetupunguzia mzigo huo. Tulikuwa na dola 1,400, akiba ya miaka miwili.

Biashara yenyewe ni ya zamani. Wakati wa Wabelgiji, wafanyabiashara Wagiriki walikusanya samaki Kasenga, wakawaweka kwenye barafu na kuwaleta kwa lori mpaka Elisabethville, mji wetu huu, kilometa karibu 200.

Mashua ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa nzuri kupita kiasi. Rangi ya buluu mpya kabisa, dola 1,100. Tulikaribia kutoa pesa siku ileile. Bahati, mwenzetu mmoja alikuwa amekuja na mjomba wake, fundi wa mashua aliyekwisha kustaafu. Mzee hakusema neno. Aliomba kisu cha jikoni, akapiga magoti, akaanza kuchoma mbao polepole: pale maji yanapoishia ubavuni, kwenye mti mkubwa wa chini, na kwenye ubao wa nyuma ambako motere inafungwa. Kwenye mbao nzima ncha ya kisu ilikataa kuingia. Nyuma kule iliingia kama kwenye bukari.

“Wamama,” akasema, “hii rangi mumenunuliwa ninyi.”

Alitueleza kwamba maji ya mvua yanayotuama ndani ya mashua huozesha mbao kuliko maji ya ziwa yaliyo nje. Kwa hiyo inua mbao za kukanyagia, nusa, pitisha mkono kwenye pembe. Tazama misumari: kutu ikichirizika chini ya kichwa, msumari umeliwa na mbao zinashikana kwa bahati. Simama nyuma ya mashua na uangalie mti wa chini kwa jicho moja. Ukiwa umepinda katikati, achana nayo, maana hilo halitengenezwi kwa pesa yetu. Matundu kati ya mbao yasikutishe sana. Hayo yanazibwa kwa pamba na lami, na mbao iliyokauka juani huvimba ikikaa majini. Ndiyo maana mashua huachwa ndani ya maji siku moja au mbili, ikakaushwa, kisha ndipo unahesabu ndoo inazovuja kwa usiku mmoja.

Motere ni jambo la pembeni, nalo lina ujanja wake. Ishike kwa mkono kabla haijawashwa. Ukiikuta ina moto, mwenyewe ameiwasha mapema ili usione inavyokataa asubuhi.

Sasa kulala ndani. Kwa sisi wenye watoto, hapa ndipo pa kufikiri zaidi. Mbabula haiingii kibandani, hata mvua ikinyesha, hata makaa yakionekana yamekufa. Hewa yake haina harufu, na walio chini ya turubai hawaamki. Dumu la petroli likae mbali na mahali pa kulala. Maji ya kunywa yachemshwe, maana kipindupindu kinarudi mara kwa mara kwenye vijiji vya ziwa letu. Na kila anayepanda avae jaketi la kuelea, mtoto apewe la kipimo chake. Ziwa Mweru halina kina kirefu, na upepo ukilipiga linatoa mawimbi mafupi yanayofuatana haraka. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni, na makumi ya watu walikufa. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Mashua yetu ni ya watu wanne na samaki. Hata shangazi asiombe nafasi ya tano.

Mashua ya pili ni mbaya wa sura: fupi, nyeusi kwa lami, kibanda kimeanguka upande mmoja. Kisu kilikataa kuingia kila mahali isipokuwa mbao mbili za ubavuni, ambazo fundi anasema zinabadilishwa. Mwenyewe anataka dola 600, na amekubali kuandikiana mbele ya mkubwa wa mtaa na mashahidi wawili. Zinazobaki 800 ni za mbao, lami, motere iliyotumika na majaketi, na hazitabaki nyingi.

Wenzetu wawili wanasema afadhali tugawane pesa, shule zinadai. Siwezi kuwalaumu, nami nina watatu shuleni. Jumamosi tunakata shauri. Mzee ameomba tusimlipe mwenye mashua kabla ya hapo, kwa sababu amekwisha kuisukuma majini tangu jana na bado anahesabu ndoo.