Ghala la Picha Mikononi mwa Mwenyewe

Mwaka 2015 kampuni ya Google ya Marekani ilianzisha huduma iliyowawezesha watu kuhifadhi picha zilizopunguzwa ukubwa bila malipo wala kikomo. Tarehe 1 Juni 2021 utaratibu huo ulikoma kwa picha mpya, na nafasi ya bure ikawa gigabaiti 15 tu. Ikiwa picha moja ina megabaiti 4, nafasi hiyo hujazwa na picha zipatazo 3,750.

Ni dhahiri, basi, kwamba mwenye ghala ndiye apangaye masharti. Mtu au shule yaweza kuwa na ghala lake kwa kutumia programu huria, yaani programu ambayo maandishi ya utungaji wake yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha. Mfano mmoja ni Piwigo, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2002 na Pierrick Le Gall.

Programu hiyo huwekwa katika kompyuta iliyounganishwa na mtandao. Picha hukaa katika diski. Majina, tarehe na maelezo yake huandikwa katika hifadhidata, ambayo ndiyo daftari la ghala. Mtu aombapo picha, programu huhakikisha kwanza kwamba ameruhusiwa kuiona.

Hata hivyo, uhuru huu una wajibu wake. Diski huharibika, nayo kompyuta huweza kuibwa. Hapana budi mwenye ghala aweke nakala mahali pengine, za picha na za hifadhidata pia. Kwani daftari likipotea, picha hubaki rundo lisilo na majina.