Mwalimu Mbele ya Mtoto au Mwalimu Ndani ya Simu? Kwale na Miezi ya Korona (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi shule za Kenya zilivyofungwa ghafla. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 alitangazwa Ijumaa, Machi 13, 2020. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule za kutwa zifungwe kuanzia kesho yake, na za bweni zifuate kufikia Jumatano. Kuanzia Aprili 8 kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungiwa njia, hata mwalimu aliyekuwa amekwenda kwao Taita au Ukambani hakuweza kurejea Msambweni. Leo tunaingia katika mjadala wenyewe uliozuka baada ya hapo: je, watoto wasubiri kurudi darasani, au wafundishwe kwa mtandao?

Wengi huukumbuka mjadala huo kama mvutano kati ya wazazi waliotaka shule zifunguliwe na walimu waliohofia maisha yao. Pwani ya kusini mambo hayakuwa rahisi hivyo. Wazazi waligawanyika wao kwa wao, na walimu vilevile.

Diani na Ukunda zipo shule nyingi za kibinafsi, na kwa wazazi wenye kompyuta na intaneti nyumbani masomo ya mtandaoni yaliwezekana. Lakini uchumi wa Diani ni watalii. Ndege ziliposimama, hoteli zilifunga milango, na mpishi, mhudumu na dereva wa teksi wakarudi nyumbani bila mshahara. Mzazi huyo akiambiwa alipe karo ili mtoto asome kwa simu, alikuwa na haki ya kuuliza analipia nini. Swali hilohilo lilifika Mahakama Kuu jijini Nairobi mwezi Mei 2020, wazazi wa shule ya Brookhouse walipopinga kutozwa karo kamili kwa masomo ya mtandaoni.

Walimu nao hawakuwa kundi moja. Aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, aliendelea kupata mshahara wake. Wa shule ya kibinafsi, pamoja na yule aliyeajiriwa na bodi ya shule ya umma, wengi wao hawakupata chochote karo ilipokauka. Kwa hiyo mwalimu wa kibinafsi alitaka masomo yaendelee kwa njia yoyote ile, maana riziki yake ilikuwa humo. Mwalimu wa TSC aliyekaribia kustaafu, mwenye sukari au presha, alitaka ahakikishiwe usalama kwanza. Wote wawili walikuwa na hoja, na hakuna aliyestahili kuitwa mvivu wala mchoyo.

Sasa tuutazame mtandao wenyewe. Serikali haikukaa kitako. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeleka masomo kwenye redio kupitia KBC, kwenye runinga kupitia Edu Channel, na kwenye intaneti. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Tatizo lilikuwa ni nani angeupokea. Sensa ya mwaka 2019, iliyofanywa miezi michache tu kabla ya janga, ilionyesha kwamba nchini Kenya nyumba zenye redio zilikuwa asilimia 56.9, zenye runinga asilimia 40.7, zenye intaneti asilimia 17.9, na zenye kompyuta au tableti asilimia 8.8. Hizo ni hesabu za taifa zima, Nairobi ikiwemo. Uchunguzi wa shirika la Usawa Agenda mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya watoto 100, ni 22 tu kwa wastani waliokuwa wakipata masomo ya kidijitali.

Chukua nyumba moja ya Gazi, kijiji cha wavuvi kati ya Diani na Msambweni. Ina watoto wanne wa shule na simu moja ya kupangusa, ya mama. Mama ni mchuuzi wa samaki, na simu ndiyo inayomwambia mashua imerudi na samaki wapo. Pia ndiyo M-Pesa yake. Alfajiri anatoka nayo. Akirudi jioni betri imebaki kidogo, na mtoto wa darasa la nane ndiye wa kwanza kuipata kwa sababu ana mtihani. Somo la video la saa moja hula mamia ya megabaiti, na pesa za bando hilo ndizo pesa za unga. Wa gredi ya pili, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha silabi, zamu yake haifiki kamwe. Ukipanda kutoka pwani kuelekea Kinango, au ukivuka maji kwenda Mkwiro na Wasini, hali ilizidi kuwa ngumu.

Tena hata pale redio ilipokuwapo, redio husema, haisikilizi. Kijana wa kidato cha tatu anaweza kusikiliza somo la historia, akaandika, akaelewa. Mtoto mdogo hajifunzi kusoma kwa kusikiliza peke yake. Hujifunza kwa kusoma kwa sauti mbele ya mtu anayejua, amsahihishe papo hapo anaporuka herufi au anapokisia neno kwa kutazama picha. Watetezi wa mtandao mara nyingi walisahau kwamba umri wa mtoto hubadilisha jibu la swali zima. Wakubwa wangeweza kusaidiwa kwa mbali. Wadogo ndio waliopoteza zaidi.

Lakini waliodai shule zifunguliwe mara moja nao walikuwa na deni la kujibu. Wizara ilianza kwa kuzungumzia umbali wa mita moja na nusu kati ya wanafunzi. Tupige hesabu. Darasa la mita 8 kwa 7 lina mita za mraba 56. Ukimpa kila mtoto mraba wa mita 1.5 kwa 1.5, wanaingia 24 hivi, na bado hujamtafutia mwalimu pa kusimama. Darasa lenye watoto 60, ambalo si jambo la ajabu katika shule zetu za umma, lingehitaji vyumba vitatu na walimu watatu. Shule haikuwa na vyumba hivyo, na TSC haikuwa na walimu hao. Kwa hiyo vyama vya walimu vilipouliza maji yako wapi na nafasi iko wapi, havikuwa vikitafuta visingizio.

Hofu yao ilithibitika. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni Oktoba 12, 2020. Kabla ya mwezi huo kwisha, mkuu wa shule ya upili ya Tononoka mjini Mombasa alikuwa amefariki kwa Covid-19, na masomo yalikuwa yamesimamishwa katika shule hiyo na ile ya Star of the Sea. Wakati ule mji wa Mombasa na pwani ya kusini vilitenganishwa na kivuko tu. Mwalimu wa Likoni, Waa au Ng'ombeni aliyesikia habari hizo hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba ugonjwa upo.

Wengine walitutaka tutazame ng'ambo ya mpaka. Tanzania ilifungua shule zake zote Juni 29, 2020, na familia nyingi za Vanga na Lunga Lunga zina ndugu upande wa Tanga. Watoto wa huko wakawa darasani wakati binamu zao wa huku wakilisha mbuzi. Hoja hiyo ilivutia, ila ilikuwa na pengo: Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kupima gharama ya uamuzi huo. Uganda nayo ilikwenda upande wa pili kabisa. Wanafunzi wake wengi hawakurudi kikamilifu hadi Januari 2022, na nchi hiyo ikawa miongoni mwa zilizofunga shule kwa muda mrefu zaidi duniani. Kenya ilikaa katikati: Julai 2020 Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, na walio wengi wakarudi Januari 4, 2021.

Jambo moja ambalo leo tunalijua vizuri zaidi kuliko wakati ule ni njia ya maambukizi. Mwanzoni tulihimizwa sana kunawa mikono na kupangusa madawati. Baadaye wanasayansi walikubaliana kwamba virusi hivi huenea hasa kwa hewa, katika vyumba vilivyofungwa na vyenye watu wengi. Kwa watu wa pwani habari hiyo ilikuwa na faida kubwa. Shule zetu nyingi zina madirisha mapana yasiyo na vioo, na viwanja vyake vina miembe na mikorosho yenye vivuli vya kutosha darasa zima. Upepo wa baharini haununuliwi. Laiti mjadala ungekuwa juu ya hewa na kivuli badala ya vipimajoto vya langoni, madarasa ya chini yangeweza kurudi mapema kwa zamu, nje, chini ya miti.

Wazo lililokaribia hapo lilikuwapo. Agosti 2020 serikali ilitangaza mafunzo ya kijamii, ambapo walimu wangefundisha vikundi vidogo vya watoto wa mtaa wanakoishi. Lilikuja likiwa limechelewa, bila maandalizi ya kutosha, na Mahakama Kuu ikalisimamisha kabla halijashika mizizi. Inasikitisha, kwa sababu pwani tulikuwa tayari na mfano wake. Katika vyuo vyetu vya Kurani, tangu zamani, mtoto husoma mbele ya maalim kwa zamu, wakubwa huwasomesha wadogo, na somo hufanyika barazani au chini ya mti. Hakuna anayedai vyuo vilikuwa salama kuliko shule, navyo vilifungwa. Ninachosema ni kwamba namna hiyo ya kufundisha, ya kikundi kidogo na mwalimu anayemsikia kila mmoja, tunaijua na tunaiamini. Wizara ingeanzia hapo tangu Aprili, mtoto wa gredi ya pili wa Gazi asingesahau silabi.

Gharama za kukaa nyumbani hazikuishia kwenye masomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la BMJ Global Health, uliofuatilia wasichana wa shule za upili magharibi mwa Kenya, ulikuta kwamba waliopitia kufungwa kwa shule walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba, na hatari mara tatu ya kuacha shule, wakilinganishwa na waliowatangulia. Kwetu, ambako ndoa za mapema zilikuwa kilio cha miaka mingi hata kabla ya korona, shule ni ulinzi kabla ya kuwa masomo. Waliokuwa wakihesabu hatari ya kufungua walipaswa kuihesabu na hii, na wachache walifanya hivyo.

Basi nani alikuwa na haki? Kwa maoni yangu, mwalimu aliyedai nafasi na hewa alikuwa na haki, na mzazi aliyedai mtoto wake afundishwe na mtu alikuwa na haki pia. Kosa lilikuwa kuwapa wawili hao milango miwili tu, darasa lililojaa au simu isiyokuwapo, kisha kuwaacha wagombane. Mtandao ni msaada mzuri kwa wanafunzi wakubwa wenye umeme na bando. Kwa mtoto mdogo wa Kinango au Lunga Lunga, hauwezi kushika nafasi ya mwalimu, na serikali isiutumie tena kama kisingizio cha kufunga shule bila mpango mwingine.

Wala tusidhani mambo haya yalikwisha na korona. Kalenda ya shule haikurudi sawa hadi Januari 2023, baada ya mihula kubanwa kwa miaka miwili. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili nchini kote hadi Mei 13. Ikija sababu nyingine ya kufunga, kila shule ya Kwale iwe na mambo matatu tayari. La kwanza ni orodha ya kila mtoto, ikionyesha kama nyumbani kwao kuna redio, simu au hakuna chochote. La pili ni mazoezi yaliyochapishwa kwenye karatasi, ya kutosha wiki sita, yakae kabatini. La tatu ni makubaliano na wazee wa mtaa kuhusu mwalimu gani atasimamia watoto gani, na chini ya mti upi.

Hayo hayahitaji fedha za wafadhili wala kibali cha Nairobi. Ewe mzazi, mkutano ujao wa shule usiende kusikiliza habari za karo peke yake. Simama uulize: shule ikifungwa kesho, mwanangu atasoma na nani? Nawe mwalimu, usilichukue swali hilo kama lawama, kwa maana jibu lake ndilo litakalokulinda wewe pia.

Juma lijalo, katika sehemu ya tatu na ya mwisho, tutaangalia kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, CBC, waliokuwa gredi ya nne mwaka ule wa 2020, na yaliyowapata katika safari yao hadi sekondari ya juu.