Moyo Unaodunda Kila Alhamisi

Mama mmoja wa makamo alifika zahanati akilalamika kwamba moyo unamdunda, mikono inatetemeka na koo linamkauka. "Mwanangu, huu ni ugonjwa wa moyo," aliniambia. Tulimpima mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Tukampima na wingi wa damu, kwa maana upungufu wa damu huweza kuudundisha moyo. Tulimwandikia pia aende hospitali akapimwe tezi ya shingo, kwani tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi mtu hutetemeka na kutoka jasho kama aliyeshikwa na hofu. Majibu yote yalikuwa mazuri. Ndipo nilipomwuliza mambo hayo humpata lini. Alifikiri kidogo, akacheka. "Alhamisi."

Alhamisi ndiyo siku ya kikundi chao cha kuweka na kukopa. Wenzake walikuwa wamemchagua mweka hazina, na mweka hazina husimama akasoma hesabu mbele ya wanachama 30. Kazi yenyewe aliitaka, na hesabu anaziweza. Hata hivyo, kwa wiki 5 mfululizo alikuwa amemtuma mjukuu apeleke daftari. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba labda fedha zimeliwa.

Tuone kwanza hofu inafanya nini mwilini. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, ini hutoa sukari ya akiba, na damu hukimbilia misuli ya miguu na mikono. Tumbo huachwa kwanza, ndiyo maana hukoroga. Mate hukauka. Ukihema upesi upesi mno, vidole hufa ganzi na kichwa huzunguka. Haya yote ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Yangemfaa sana mama yetu kama angekutana na nyati. Shida ni kwamba ubongo hautofautishi vizuri kati ya nyati na wanachama 30 wanaomkazia macho.

Sasa, Alhamisi ikifika na mama akaamua kubaki nyumbani, moyo hutulia mara moja. Anaona raha. Raha hiyo ndiyo mtego wenyewe, kwa kuwa ubongo unajifunza: "Tumeokoka kwa sababu hatukwenda." Wiki inayofuata hofu huja mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Wengi wetu hungoja woga uishe ndipo tuanze jambo tunalolitamani, iwe ni kurudi darasani ukubwani, kufungua duka au kuomba kazi. Tunangoja bure. Woga hupungua baada ya mtu kuanza, akakaa, akaona kwamba hakuliwa.

Jambo hili lilionyeshwa zamani. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo aitwaye Peter, aliyemwogopa sungura na hata pamba. Mtoto hakulazimishwa kumshika sungura. Alipewa chakula anachokipenda, naye sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Siku baada ya siku alisogezwa karibu kidogo. Pia Peter aliwaona watoto wengine wasiomwogopa. Mwishowe alimpapasa mwenyewe. Waganga wa akili wanaitumia njia hiyo ya kusogea kidogo kidogo hata leo, kwa watu wazima vilevile.

Basi na sisi tulimtafuta "sungura" wa mama na kumweka mbali. Alhamisi ya kwanza aliagizwa aende tu, aketi karibu na mlango, asiseme neno, ila asiondoke kabla ya mkutano kufungwa. Sharti hilo la kutoondoka ndilo kubwa kuliko yote. Hofu hupanda kama mtu apandaye mlima, lakini haiwezi kukaa kileleni siku nzima, hatimaye hushuka. Anayekimbia wakati iko juu hapati kuiona ikishuka. Nyumbani aliwasomea wajukuu hesabu kwa sauti, akiwa amesimama. Baadaye akasoma kikundini jumla ya makusanyo tu, mstari mmoja. Nilimfundisha pia kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ile ya kuvuta, maana hiyo hupunguza mbio za moyo. Haifukuzi hofu, inampa mtu nafasi ya kusema.

Jirani mmoja alimpa vidonge vya usingizi ameze kabla ya mkutano. Nilimkataza. Dawa za namna hiyo zina mazoea mabaya, na zaidi ya hapo ubongo husema ni kidonge kilichosaidia, kwa hiyo haujifunzi lolote. Pombe ni vivyo hivyo.

Wiki ya tano alianguka, alibaki nyumbani. Alikuja kwangu amejiinamia kama aliyeiba. Tulirudi ngazi moja chini, basi.

Niseme pia kwamba si kila hofu ni ya kuzoewa. Mke anayemwogopa mume anayempiga hana ugonjwa wa woga. Anaona sawasawa, naye anahitaji msaada na mahali pa usalama. Anayekataa kupanda gari la dereva mlevi vilevile ana akili timamu. Tena ikiwa hofu inakunyima usingizi kwa majuma, au ilianza baada ya tukio la kutisha, au inakufanya utamani kufa, usijitibu kwa ngazi za kujitungia. Nenda hospitali ukaonane na wataalamu wa afya ya akili mapema. Maumivu ya kifua yanayobana yasiitwe woga kabla ya kupimwa.

Juzi mama alileta mjukuu mwenye homa. Nilipokuwa nikimtoboa mtoto kidole, nilimwuliza habari za Alhamisi. Alisema amesoma taarifa ya mwaka mzima, kurasa 4, na wanachama wameuliza maswali mengi. Mikono bado hutetemeka, kwa hiyo daftari huliweka mezani.