"Mtu Wetu Ameingia?": Namna ya Kusikiliza Majina ya Mawaziri wa Liwali Mpya

(Maneno haya yalisemwa redioni katika kipindi cha amani. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale ambao hawakusikia, na kwa vikundi vinavyokutana kuzungumza baada ya kipindi.)



Kila mara liwali mpya, yaani gavana wa jimbo, anapochaguliwa, kuna siku moja ambayo kambi nzima hukaa kimya. Ni siku ile redio inaposoma majina ya mawaziri wa jimbo. Mwenye redio huongeza sauti, na watu husogea karibu na hema lake. Jina moja linasomwa, mtu anapiga makofi. Jina lingine linasomwa, mwingine anatikisa kichwa. Kabla redio haijamaliza, hesabu imekwisha kufanyika: kabila hili limepata watatu, lile limepata mmoja, sisi hatukupata kitu. Usiku ule ule maneno yanaanza. Kesho yake, kwenye bomba la maji, wamama waliokuwa wakitwishana ndoo hawasalimiani tena.

Leo tuzungumze juu ya majina hayo. Nani huyachagua? Cheo gani kinatoka kwa liwali, na kipi hakitoki kwake? Na wewe uliyekimbia shamba lako, unapaswa kuyasikiliza namna gani ili yakusaidie, yasikuchonganishe na jirani?

Sheria inasema nini

Katiba yetu ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 198, inaeleza jambo hili. Wananchi huchagua wabunge wa jimbo. Wabunge hao ndio wanaomchagua liwali na makamu wake, kwa muda wa miaka 5, na muda huo unaweza kurudiwa mara moja tu. Ndivyo ilivyofanyika mwaka wa 2007, tena mwaka wa 2019, na tena mwezi wa Aprili 2024 katika majimbo mengi.

Liwali akiisha kupata kiti, yeye huchagua mawaziri wa jimbo. Anaweza kuwatoa ndani ya bunge la jimbo au nje yake. Lakini sheria inamwekea mipaka mitatu. Kwanza, mawaziri hawawezi kupita 10. Pili, katika kuwachagua lazima aangalie kwamba jimbo zima linaonekana ndani ya serikali. Tatu, kabla ya kuanza kazi, anapaswa kupeleka mpango wa serikali yake mbele ya bunge la jimbo. Wabunge wakiukubali kwa kura za zaidi ya nusu ya wote, ndipo wanawaidhinisha mawaziri.

Basi ukisikia majina redioni, ujue kwamba kazi haijaisha. Kuna mpango ambao lazima usomwe bungeni. Watu wengi husikiliza majina na kuzima redio. Mpango wenyewe hawauulizi. Lakini ni ndani ya mpango ndimo mnamokaa habari za barabara ya kwenu, shule ya kwenu na zahanati ya kwenu.

Ndugu zetu wa Ituri na Kivu Kaskazini watasema: kwetu haikuwa hivyo. Ni kweli. Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa kijeshi wa dharura uliwekwa katika majimbo hayo mawili, na maliwali wakawa maofisa wa jeshi waliotajwa na Rais wa Jamhuri. Tena mwanzoni mwa mwaka wa 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, kundi hilo liliweka watawala wake lenyewe. Katika hali zote mbili mwananchi hakuulizwa kwa kura. Hiyo ndiyo sababu inafaa kuijua sheria ya kawaida, ili siku itakapofuatwa tena msianze kujifunza siku hiyo.

Cheo ambacho liwali hana cha kugawa

Magomvi mengi yanatoka katika kutojua. Watu hudhani liwali akiwa wa kwao, kila kitu ni chao. Tuangalie.

Jeshi halipokei amri kutoka kwa waziri wa jimbo. Amri zake zinatoka Kinshasa. Mahakimu hutajwa na Rais wa Jamhuri, baada ya majina yao kupendekezwa na Baraza Kuu la Mahakimu. Na uchifu? Katiba, kifungu cha 207, inasema mamlaka ya kimila hufuata desturi ya mahali. Serikali inaitambua tu. Usultani si zawadi ambayo liwali anaweza kumpa rafiki yake. Mtu akija kambini kusema, "Liwali wetu atatupa uchifu wa mlima ule," anawadanganya, na uongo wa namna hiyo umekwisha kumwaga damu.

Kazi ya jimbo basi ni ipi? Kifungu cha 204 kinataja mambo mengi. Kwa mtu aliyekimbia vita, matatu ni makubwa: shule za msingi na za sekondari, mipango ya kilimo, na kutoa na kutunza hati za ardhi kwa kufuata sheria ya taifa. Hayo ndiyo yatakayokugusa siku utakaporudi na kumkuta mtu mwingine analima shamba lako. Siku hiyo utahitaji ofisi inayotunza hati bila kupokea rushwa. Kabila la waziri halitakuonyesha mpaka wa shamba lako.

Yaliyotokea Katanga

Wazee mlioishi Katanga, zamani ikiitwa Shaba, mnakumbuka. Tunawaeleza vijana.

Mwezi wa Novemba 1991, Nguza Karl-i-Bond alikuwa Waziri Mkuu, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza akawekwa kuwa gavana wa Shaba. Hakuchaguliwa kwa kura. Wakati ule magavana walitajwa kutoka juu. Siku zile yalikuwako maneno yaliyoitwa "jeopolitiki": kila mtu atawale kwao, na vyeo vya jimbo viwe vya wenyeji wa jimbo. Kwa kusikia mara ya kwanza, maneno hayo yalionekana kama haki. Wakatanga wengi waliona kwamba kazi nzuri katika Gécamines na katika reli zilikuwa mikononi mwa watu wa asili ya Kasai. Kulikuwa na manung'uniko, na manung'uniko yale yangeweza kuzungumzwa.

Lakini hesabu iliyoanzia katika vyeo vikubwa haikusimama huko. Ilishuka kwa mkubwa wa kazi, ikashuka kwa mwalimu, ikashuka kwa muuguzi, ikafika kwa mama anayeuza nyanya sokoni. Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu badala ya Nguza. Ugomvi wa viti vya Kinshasa ukawa moto katika mitaa ya Likasi, na mwezi wa Machi 1993 katika Kolwezi. Nyumba ziliporwa na kuchomwa. Watu mamia ya maelfu walifukuzwa, na wengi wao walizaliwa palepale, maana babu zao waliletwa na wakoloni kufanya kazi katika migodi na reli. Jamaa nzima zilikaa kwenye stesheni ya Likasi, wiki baada ya wiki, zikingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo watoto wengi hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa kwa magonjwa wakingoja au wakiwa njiani.

Je, waliobaki walipata nini? Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka, mwaka wa 1993 ilitoa karibu tani 50,000 tu. Sababu zilikuwa nyingi: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka wa 1990, na mali iliibwa kwa miaka mingi. Lakini kuwafukuza wafanyakazi wenye ufundi kuliongeza mzigo juu ya mzigo. Mkatanga aliyeahidiwa cheo cha jirani yake alikuta ofisi tupu.

Ninyi mnaonisikiliza kutoka ndani ya hema, hamhitaji kuelezwa maana ya kungoja namna ile. Ndiyo maana tunawaomba ninyi wa kwanza: msiache watoto wenu wajifunze hesabu ile.

"Lakini kabila letu halikupata mtu!"

Mtu atasema: maneno mazuri, lakini sisi tumesahauliwa kweli. Ndugu, hatukuambii unyamaze. Sheria yenyewe inasema serikali ya jimbo ionyeshe jimbo zima. Kifungu cha 13 cha Katiba kinakataza kumnyima Mkongomani kazi ya serikali kwa sababu ya kabila lake au mahali anapotoka. Kifungu cha 14 kinataka wanawake wawemo katika uongozi wa nchi na wa majimbo. Liwali akiwachukua watu wa upande mmoja tu, au wanaume watupu, amekosea, na unayo haki ya kusema.

Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Kivu Kusini ina teritwari 8: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Ongeza mji wa Bukavu, zimekuwa sehemu 9. Mawaziri hawapiti 10. Na katika kila teritwari hakuna kabila moja tu. Basi hata liwali akiwa mtu wa haki kupita wote, daima kutakuwa na mlima ambao haukutoa waziri. Ikiwa kila mlima usiotoa waziri utajiona umetangaziwa vita, hatutapata amani hata siku moja.

Tena kuna jambo jingine. Wangapi kati yenu walikuwa na "mtu wetu" katika serikali, na barabara ya kwao ikabaki na mashimo yaleyale? Mtu wetu alinunua gari, akajenga mjini, akasahau namba zetu za simu. Tuliposikia ameondolewa, tulilia kama tumefiwa. Tulilia kwa sababu ya nini?

Ya kuuliza majina yakisomwa

Badala ya kuuliza, "Ni wa kabila gani?", ulizeni hivi:

Moja: Amepewa kazi gani, na kazi hiyo inatuhusu wapi sisi tuliokimbia?

Mbili: Anaijua kazi hiyo? Alifanya nini mahali alipokuwa kabla?

Tatu: Amewahi kusimama mbele ya watu na kusema maneno ya kuchochea kabila moja juu ya lingine? Mtu wa namna hiyo ni hatari hata akiwa mtoto wa shangazi yako.

Nne: Mpango wa serikali uliosomwa bungeni unasema nini juu ya wakimbizi na kurudi kwao?

Majibu yakiwa mabaya, ziko njia mbili. Ya kwanza ni mbunge wenu wa jimbo. Bunge la jimbo linaweza kumwondoa waziri mmoja kwa kura, au kuiangusha serikali yote. Ya pili iko mikononi mwenu: barua ya madai. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mamlaka, nayo mamlaka inapaswa kujibu katika miezi 3. Hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kuandika barua hiyo.

Iandikeni kwa maneno mepesi: sisi ni nani, tumetoka wapi, tunaomba nini, kwa tarehe gani. Wekeni sahihi za watu wa makabila yote yaliyo kambini. Asiyejua kuandika aweke kidole. Tengenezeni nakala mbili. Mnapoipeleka, ombeni yule anayeipokea aweke sahihi na tarehe juu ya nakala yenu, mkaitunze. Barua yenye sahihi za kabila moja wataiita siasa. Yenye sahihi za majirani wote ni vigumu kuitupa.

Kwenu wakubwa

Wami, machifu, wakubwa wa kambi, wachungaji na mashehe, nina neno moja kwenu. Ni desturi yetu, mtoto wa nyumbani akipata cheo, kutuma wajumbe wa kabila kwenda kumshukuru liwali, kwa ngoma na kwa mbuzi. Furaha si dhambi. Lakini wale wasiopata wanatazama, nao wanasoma ngoma hiyo kama matusi. Mara hii jaribuni kwenda pamoja, wa kabila lililopata na wa kabila lisilopata, na badala ya mbuzi mpelekeni barua ile ya madai. Naye waziri mpya atajua tangu siku ya kwanza kwamba ametumwa na watu wengi.

Na usiku wa majina, msilale mapema. Tembeeni kati ya mahema. Mkisikia vijana wanahesabu makabila, kaeni nao, muwaulize maswali yale manne.

Kabla ya kuagana, haya ndiyo ya kuzungumza katika vikundi vyenu: Mara ya mwisho majina yaliposomwa, kulitokea nini hapa kwetu? Tungependa serikali ya jimbo itufanyie jambo gani moja kwanza ili tuweze kurudi? Na nani, asiye wa kabila letu, tutamwomba aweke sahihi pamoja nasi?

Mulale salama, na amani irudi nyumbani kwenu.