SAMAKI GANI WANAPATANA BWAWANI?

Kuchimba bwawa la samaki ni kazi kubwa. Jembe linachosha na fedha zinatoka. Lakini mara nyingi hasara ya mfugaji haitokani na bwawa lenyewe. Inatokana na samaki waliotiwa pamoja bila kufikiriwa.

Mtoni, samaki mnyonge akifukuzwa hukimbia. Bwawani atakimbilia wapi? Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kununua vifaranga jiulize maswali manne. Samaki huyu anakula nini? Ana ukali gani? Anazaa upesi kiasi gani? Anaishi katika maji ya namna gani?

PEREGE NA TABIA ZAKE

Tuanze na perege, maana wafugaji wengi huanza naye. Perege ni samaki wa maji baridi. Anakula ukijani wa majini, majani laini na pumba. Hachagui sana, naye ni mtamu.

Perege ana ukoo mkubwa. Furu wa Ziwa Victoria ni jamaa yake. Mbuna wa Ziwa Nyasa pia ni jamaa yake. Mbuna wana rangi za kupendeza, buluu na manjano. Huko Ulaya na Marekani watu huwafuga nyumbani katika matangi ya kioo. Hawawali, wanawatazama tu! Lakini nao wana shida kama yetu. Mbuna dume akishika mahali pake, humfukuza kila anayesogea. Tangi likiwa dogo, mnyonge huumizwa hata akafa.

Perege dume naye ndivyo alivyo. Anachimba kishimo chini ya bwawa, anakilinda na kumwita jike. Dume mwingine akija, ni ugomvi. Wazee walisema, fahali wawili hawakai zizi moja. Dawa yake ni nafasi. Tia perege 2 kwa kila mita ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 15 lina mita za mraba 150. Basi perege 300 wanatosha. Usiongeze kwa tamaa.

Sasa tutazame uzazi. Jike la perege hubeba mayai yake kinywani. Watoto wakianguliwa, huwalinda humo humo mpaka wapate nguvu. Kwa hiyo watoto wengi hupona. Ni jambo jema, siyo? Bwawani si jema sana. Baada ya miezi michache bwawa linajaa watoto. Chakula ni kile kile, vinywa vimeongezeka. Wote wanadumaa. Siku ya kuvua unapata samaki wengi, lakini kila mmoja ni kama kidole. Nani atawanunua?

KAMBALE, JIRANI MWENYE MASHARTI

Hapa ndipo kambale anaposaidia. Kambale hula karibu kila kitu, pamoja na watoto wa perege. Akiwala watoto, perege wakubwa wanapata chakula cha kutosha na kunenepa. Lakini ukikosea, kambale atakula na hao wakubwa. Shika masharti haya:

1. Perege watangulie. Ukiona watoto wao wanaogelea pembezoni, ndipo utie kambale.

2. Siku ya kutiwa, kambale wawe wadogo kuliko perege wako wa kwanza.

3. Kambale wawe wachache. Kambale 1 kwa perege 10 ni kiasi kizuri cha kuanzia. Kwa perege 300, kambale ni 30.

4. Kambale wote wawe wa kimo kimoja. Mkubwa humla mdogo, hata kama ni ndugu yake.

5. Kingo za bwawa ziwe juu. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu, na usiku wa mvua hutambaa akaondoka zake.

Perege hana uwezo huo wa kambale. Ukimwona alfajiri anahemea juu ya maji, jua kwamba hewa imepungua majini. Acha kutia samadi na chakula, ongeza maji mapya. Je, utajuaje kama samadi imezidi? Ingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla kiwiko hakijafika majini, samadi imezidi. Kiwiko kikizama nawe bado unakiona kiganja vizuri, samadi ni kidogo.

WA PWANI, MTAZAMENI MWATIKO

Kambale hawezi maji ya bahari. Basi wenzetu wa Mikindani, Msimbati na vijiji vingine vya pwani wafuge nini? Samaki wao ni mwatiko. Mwatiko hana meno. Anakula ukijani unaoota chini ya bwawa. Tena hazai bwawani, huzaa baharini. Kwa hiyo bwawa halijai watoto. Vifaranga vyake hupatikana kwenye vijito vya pwani maji yanapojaa.

Mkizi anapatana na mwatiko, maana naye hula ukijani na mabaki ya chini. Adui ni tewa na kaa. Hao huingia na maji wakiwa wadogo, wakakulia humo kwa kula samaki wako. Weka wavu wa matundu madogo kwenye mlango wa maji.

Lakini usikate mikoko ili upate bwawa. Mikoko inalindwa na sheria, na ndimo samaki wengi wadogo hukulia. Tena sehemu kubwa ya pwani hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Omba ruhusa kwanza.

SAMAKI WAGENI

Labda mtu atakwambia, "Chukua sato, anakua upesi." Ni kweli, anakua upesi. Lakini sato si mwenyeji wa Mto Ruvuma. Mafuriko yakivunja bwawa lako, ataingia mtoni. Huko anaweza kuzaliana na perege wetu, na mbegu ya asili ikapotea.

Jambo la namna hii limekwisha tokea. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara na sato walipandikizwa Ziwa Victoria. Sangara alileta biashara kubwa, hatukatai. Lakini kufika miaka ya 1980, aina nyingi sana za furu zilikuwa zimetoweka. Ngege, perege wa asili wa ziwa lile, naye akapungua mno. Ziwa zima liligeuka, na halijarudi lilivyokuwa.

Mto Ruvuma ni wetu pamoja na ndugu zetu wa Msumbiji. Usiuharibu kwa ndoo moja ya vifaranga. Usichimbe bwawa ukingoni mwa mto, maana kuna mafuriko, na mamba pia. Kabla ya kuleta samaki kutoka mbali, mwone Bwana Samaki au Bibi Samaki, yaani ofisa wa uvuvi wa wilaya yako. Mwulize ni perege gani wa hapa hapa anafaa, na vifaranga vinapatikana wapi.

Bwawa ni kama nyumba isiyo na mlango wa kutokea. Wanaoingia wataishi pamoja mpaka siku ya kuvuliwa. Wewe ndiwe unayewachagulia majirani. Chagua vizuri, watoto wako wale samaki na wa kuuza wabaki.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini perege wakiachwa peke yao hudumaa?

2. Kwa nini kambale hatiwi siku moja na perege?

3. Katika kijiji chenu maji ni ya namna gani? Ni samaki gani wawili wanaoweza kupatana humo?