Asumini Ugenini: Kupanga Maua na Mimea Katika Vyungu vya Roshani

Wako jamaa zetu waliotoka Mombasa, Malindi na Lamu wakahamia Thika kwa kazi, biashara au masomo ya watoto, na baadhi yao wamepanga nyumba katika mtaa wa Landless, upande wa barabara iendayo Garissa. Jina la mtaa huo kwa Kiingereza lina maana ya wasio na ardhi. Kwa mpangaji wa ghorofa ya tatu jina hilo limesadifu: hana hata pembe ya ua ya kupanda shina la mrehani. Mama aliyezoea kuchuma asumini alasiri na kutunga kikuba cha usiku hujikuta akiagiza maua kutoka pwani kwa basi, nayo humfikia yamenyauka. Binti zake waliozaliwa bara huijua harufu ya asumini kwa chupa ya manukato tu.

Roshani yake, hata ikiwa nyembamba, yatosha kulirekebisha jambo hilo, ila mambo ya pwani hayahamishwi yakawa vile vile. Thika ipo kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda asubuhi nyingi, na usiku baridi hushuka hadi karibu digrii 12 au 13. Asumini haifi kwa baridi hiyo, lakini hudumaa na hukataa kuchanua, na mwenye kuimwagia maji mengi akidhani ina kiu huiozesha mizizi. Miezi hiyo ipunguziwe maji, isogezwe karibu na ukuta wa mawe unaotunza joto la mchana, isubiriwe. Ikaribiapo Septemba ipogolewe kwa ushujaa, kwani maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya.

Jua nalo lina hesabu yake. Thika iko kusini kidogo tu ya ikweta; kwa hiyo katikati ya mwaka jua huelemea kaskazini, nao ndio upande wa kibla kwetu Kenya. Chungu cha asumini basi kikae upande wa kibla wa roshani miezi ya baridi. Mwenye roshani inayotazama magharibi ana bahati zaidi, maana mawingu mara nyingi hufunguka mchana.

Sasa tuje kwenye kuchanganya, ambako ndiko uzuri uliko. Chungu kipendezacho huwa na mmea mmoja wa kusimama katikati, michache ya kujaza pembeni, na mmoja wa kumwagika ukingoni. Sisi twapendekeza hivi: asumini katikati, imefungwa kwa vijiti vitatu; mrehani wa majani ya zambarau kuizunguka; na kwa ukingo, tawi la kiazi kitamu, ambalo hushika mizizi kwa siku chache na kuning'inia vizuri kuliko mimea mingi ya kununua. Yote mitatu hupenda jua na maji ya kadiri, na hilo ndilo sharti kuu kuliko rangi. Mshubiri na nanaa visiwekwe chungu kimoja kamwe, kwani kimoja chataka ukavu na kingine chataka unyevu. Nanaa, kwa hakika, ipewe debe lake peke yake. Ni mgeni anayetandaza mkeka chumba kizima. Mlangilangi na mkadi tusijidanganye nao: hiyo yataka uwanja.

Rangi zisizidi mbili au tatu katika chungu kimoja. Maua meupe yana fadhila kwa familia itokayo kazini jioni, kwa kuwa huonekana hata giza likiingia, na asumini hufunguka wakati huo huo, baada ya Magharibi. Mrehani ukikatwa vichwa kila utakapo kuchanua, hunenepa na majani yake hudumu.

Chombo si lazima kinunuliwe. Debe la mafuta la lita 20 lafaa, likitobolewa matundu matano au sita chini. Watu wengi hutanguliza kokoto chini wakiamini maji yatashuka upesi. Kokoto hazisaidii, hupunguza nafasi ya mizizi tu. Udongo mwekundu wa Thika una rutuba, lakini ukiwa peke yake chomboni hushikana kama tofali. Changanyeni sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga. Maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza yafaa pia kuulegeza. Siku za mgao wa maji, yale yaliyooshea mchele na mboga, na ya udhu yaliyokingwa kwa beseni, hutosha vyungu kadhaa.

Jirani wa chini ana haki yake. Debe la lita 20 lililojaa udongo wa maji hupita kilo 25. Lisiwekwe juu ya ukingo wa roshani hata likifungwa kwa waya, bali sakafuni. Visahani vya kukinga maji vimwagwe kila baada ya siku mbili, yasichuruzike juu ya nguo za jirani wala kuzalisha mbu. Na penye watoto wanaotambaa, oleanda na daifenbakia zisiingie nyumbani, zipendeze vipi: ya kwanza ni sumu kali, na utomvu wa ya pili huvimbisha kinywa na ulimi.

Wanaokwenda pwani kwa Idi huuliza vyungu vitaishije wiki mbili. Visogezeni pamoja kivulini, mvimwagilie hadi maji yatoke chini, mfunike udongo kwa majani makavu, na ufunguo mwachieni jirani yule yule. Mrudipo, mleteeni kipandikizi cha asumini kutoka kwenu, kimefungwa kwa kitambaa kibichi. Kikizamishwa nusu katika mchanga wenye unyevu, huweza kushika mizizi kwa majuma manne hadi sita.